Haki Isiyotekelezwa: Tumsaidie Aliyeshinda Kesi Apate Chake

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini baada ya swala ya Ijumaa, Nyololo, Mufindi)

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. 

Leo hatukusudii kuzungumzia namna ya kushinda kesi. Tunakusudia kuzungumzia yale yanayomkuta mtu baada ya kushinda. Wengi hudhani hakimu akishasoma hukumu, haki imekwisha kupatikana. Sivyo. Hukumu humwambia mtu kwamba anastahiki. Kupokea anachostahiki ni safari nyingine, na wanyonge wengi hukwama mwanzoni mwake.

Tunaye mama mmoja mjane katika jamaa yetu. Aliuza magunia ya viazi kwa mali kauli, akaahidiwa kulipwa baada ya mzigo kufika Dar es Salaam. Hakulipwa. Akaenda mahakama ya mwanzo, akashinda, akaamriwa alipwe shilingi 640,000. Akaikunja nakala ya hukumu, akaitia katika mfuko wa nailoni na kuihifadhi sandukuni. Akangoja. Yalipita mavuno mawili bila ya shilingi moja kumfikia, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba mahakama haimfuati mdaiwa kwa hiari yake. Ni juu ya aliyeshinda kurudi na kuomba hukumu ikazwe.

Na wakati huo wote mdaiwa wake alikuwa akiswali pamoja nasi. Wala hakuwa safu ya nyuma. Msikiti ulipohitaji ukarabati alileta mifuko ya saruji, nasi tukampokea, tukamwombea dua, tukamtaja kwa wema mbele ya watu. Ndugu zetu, tulimshukuru mtu kwa sadaka iliyotoka katika mali ambayo sehemu yake ilikuwa haki ya mjane. Hatukujua, lakini pia hatukuuliza. Tunalisema hili kwanza dhidi ya nafsi zetu, sisi tunaofundisha, kabla ya kuwanyooshea wengine kidole.

Dini yetu haikuliacha jambo hili wazi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu deni: kuliandika na kulishuhudisha. Mtume (S.A.W.) ameihesabu tabia ya mwenye uwezo kuahirisha malipo kuwa ni dhulma. Na katika barua mashuhuri inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwa Abu Musa al-Ash'ari juu ya ukadhi, barua ambayo Ibn al-Qayyim ameisherehesha kwa urefu, imo maana hii: kuitamka haki hakumnufaishi mtu ikiwa haina utekelezaji. Wanachuoni huliita jambo hilo tanfidh, na wamelihesabu kuwa sehemu ya kazi ya hukumu yenyewe.

Tukirudi nyuma zaidi, tunakuta Hilful Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake Makka kwa al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Maquraish, naye akamnyima malipo. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumtetea. Akapanda jabal Abu Qubays, akanadi dhulma aliyotendewa. Watu wa koo kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa mpaka haki yake irudi. Kisha wakamwendea al-As, wakachukua haki ya mgeni na kumrudishia. Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria kiapo kile kabla ya kupewa utume, na baadaye alisema kwamba hata katika Uislamu angeliitwa kwa jambo kama lile angeliitika. Zingatieni: wale hawakuishia kumpa mgeni pole. Walifuatana naye mpaka mlangoni kwa mdaiwa.

Sasa tuitazame sheria ya nchi yetu. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliipa mahakama ya mwanzo uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 30, na yale ya mali isiyohamishika hadi milioni 50. Kwa hiyo madai mengi ya watu wetu, kama mbao, viazi, mahindi na ujira wa vibarua, yanaishia hapo. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Mshindi aombe nakala ya hukumu, kisha apeleke maombi ya kukaza hukumu katika mahakama ileile. Mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, au deni lilipwe kwa mafungu.

Hapa ndipo mnyonge anaposhindwa. Mahakama itataka kujua mali ya mdaiwa iko wapi. Mjane wa Nyololo atajuaje kwamba mdaiwa ana gari Mafinga au shamba la miti Igowole? Lakini jamaa ya msikiti inajua. Pia dalali wa mahakama ana gharama zake, na anayeomba mdaiwa wake afungwe kifungo cha madai hutakiwa kulipia chakula cha mfungwa huyo. Aliyekwisha kupoteza viazi vyake anatakiwa kutoa tena.

Wala tusidhani ni tatizo letu peke yetu. Kenya ilitunga sheria ya mahakama za madai madogo mwaka 2016, na zikaanza kazi mwaka 2021, kesi ikitakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Ni jambo jema. Lakini kuharakisha hukumu hakumlazimishi mkaidi kufungua mkoba.

Na tusije tukageuka madhalimu upande wa pili. Mdaiwa asiyekuwa nacho kweli, Qur'an imeamrisha apewe muda. Sheria nayo inakataza kumkamatia mdaiwa vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, jembe na mbegu za mkulima. Asiyeweza si sawa na asiyetaka, na kuwatofautisha kunahitaji watu wanaowajua wote wawili.

Wapo watakaosema: tufanye sulhu. Naam, sulhu ni kheri. Ka'b bin Malik (R.A.) alimdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya msikiti mpaka sauti zao zikapanda. Mtume (S.A.W.) akatoka, akamwashiria Ka'b asamehe nusu. Ka'b akakubali. Hapo Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwamuru ainuke na kulipa. Kisa hiki kina sehemu mbili, nasi tumezoea kuchukua ya kwanza tu. Tunamwomba mdai asamehe, tunamsifu kwa subira yake, kisha tunasahau kumwambia mdaiwa ainuke alipe.

Mama yetu tulimweleza habari ya kusamehe nusu. Akajibu kwamba nusu hiyo ni ada ya mwanawe. Tukanyamaza, kwani ni haki yake. Wazee watatu walifuatana naye mahakamani kuomba hukumu ikazwe, kisha wakamwendea mdaiwa kwa adabu na bila vitisho. Mahakama ikaamuru alipe kwa mafungu matatu. Mawili yamelipwa mbele ya mashahidi. La tatu tunalingoja, na tarehe yake tumeiandika.

Basi tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila msikiti uwe na watu watatu waaminifu, mmoja wao mwanamke, wa kufuatana na walioshinda kesi, awe Muislamu au asiwe, kwani yule mgeni wa Zabid hakuulizwa dini yake. Pili, wawatafute wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, ambao msaada wao ni bure. Tatu, asiwepo wa kujichukulia mali kwa nguvu. Njia ni mahakama. Nne, tuandike madeni yetu na tuwe na mashahidi, hata baina ya ndugu.

Na wewe unayedaiwa, nawe una uwezo, usingoje wazee watatu. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolidhamini. Jiulize ni nani atakayekudhamini wewe.

Tunamwomba Allah (S.W.) atulipie madeni yetu, azitakase mali zetu, na atujaalie kuwa wenye kufuatana na mnyonge mpaka haki yake imfikie mkononi. Amin.

Wabillahi tawfiq.