Bastola Mbili, Shabaha Moja

Leo nitanena juu ya mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Mtu anayeanza mchezo huu mara nyingi hujikuta mbele ya bastola mbili: moja ya risasi nyembamba, ya milimita 5.6, na nyingine ya milimita 9. Achague ipi?

Wengi huipenda ile kubwa, kwa kuwa mshindo wake una fahari. Lakini tupime kwanza. Risasi ndogo ina uzito wa kadiri ya gramu 2 na nusu; ile kubwa hufika gramu 7 au 8. Basi bastola kubwa humrudia mpigaji kwa nguvu zaidi. Akiisha kupiga mara chache, mkono hujifunza hofu: hushtuka kabla risasi haijatoka, mdomo wa bastola huinama, na risasi hupita chini ya shabaha. Desturi hiyo ikikaa, ni shida kuiondoa.

Wala bastola ndogo si ya kudharauliwa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, mashindano ya mita 25 yalifanywa kwa bastola za milimita 5.6.

Kwa hiyo anayeanza na aanze na ndogo. Mwanzo wa ngoma ni lele. Ila akumbuke neno moja: zote mbili huua. Asielekeze mdomo wa bastola popote ila kwenye shabaha, wala asiweke kidole kwenye mtambo kabla ya kulenga.

Kwaherini.