Mhudumu Aliyefunzwa Vizuri ni Kinga ya Mtoto Wako

   Leo tunazungumza juu ya mafunzo ya wahudumu wanaotunza watu wenye virusi vya ukimwi.

Huenda ukasema, "Sista, hayo ni mambo yenu ya hospitali." Ngoja kidogo, mama. Ukinisikiliza utaona yanamhusu mtoto uliyembeba.

Turudi nyuma. Mwaka 1999 serikali yetu ya Kenya ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Mwaka huo huo, utafiti uliofanywa katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, ulionyesha kwamba tembe moja ya nevirapine kwa mama anayeanza uchungu, na kipimo kidogo cha dawa ya maji kwa mtoto ndani ya siku tatu, vilipunguza maambukizi ya watoto kwa karibu nusu. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema iko tayari kuyauzia mashirika ya misaada mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kabla ya hapo, dawa kama hizo ziligharimu zaidi ya dola 10,000.

Basi dawa zikaanza kukaribia. Lakini nani angezitoa? Madaktari na wauguzi wengi wa Afrika walikuwa wamesoma kabla dawa hizo hazijafika. Walijua kutibu kifua kikuu, kuhara na utando mweupe wa kinywani. Hawakuwa wamefundishwa namna ya kumwanzishia mgonjwa dawa za kupunguza makali, kutambua madhara yake, wala kubadilisha dawa virusi vinapozizoea. Na mwaka huo wa 2001, mkuu wa shirika la misaada la Marekani alidai kwamba Waafrika wengi hawajui kufuata saa, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa hizo inavyotakiwa. Alisema hivyo juu ya mama anayejua saa ya kukamua ng'ombe, saa ya kuamsha watoto na saa ya matatu ya kwanza kwenda sokoni!

Jirani zetu wa Uganda walijibu kwa vitendo. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Makerere, miongoni mwao Profesa Nelson Sewankambo na Daktari Elly Katabira, waliungana na wenzao wa Marekani na Kanada kuanzisha Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza. Kampuni ya dawa ya Pfizer ilitoa fedha. Mafunzo yalianza mwaka 2002, na mwaka 2004 jengo lao likafunguliwa palepale Mulago. Hapa kwetu, mjini Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa walikuwa wameanza mwaka 2001 mpango wa matibabu na mafunzo pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani.

Jambo la kujifunza ni namna kituo cha Mulago kilivyopangwa. Kliniki, maabara na vyumba vya kusomea viliwekwa pamoja. Daktari aliyetoka nchi nyingine ya Afrika hakukaa darasani tu. Aliwaona wagonjwa, akasoma majibu ya maabara, akauliza maswali kwa waliomtangulia. Kisha alitakiwa kurudi kwao akawafundishe wengine. Baadaye wauguzi na matabibu nao wakafunzwa, kwa sababu daktari mmoja hawezi kufika katika kila zahanati.

Sasa, mama, haya yanakufikiaje wewe?

Bila matibabu yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitibiwa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Dawa peke yake haifanyi kazi hiyo. Lazima awepo mtu wa kukupima mapema, kukueleza, na kukufuatilia mpaka umwachishe mtoto ziwa.

Namfahamu mama mmoja ambaye jina lake liliitwa kwa sauti kubwa mbele ya foleni nzima, likafuatwa na maneno, "Wale wa dawa, huku!" Katika foleni hiyo alikuwemo wifi yake. Mama huyo hakurudi tena katika kituo kile. Alipofika kwetu, mtoto alikuwa na miezi saba, amekonda, na kipimo kikaonyesha ana virusi. Leo mtoto huyo anameza dawa na anaenda shule. Lakini dawa za kumkinga zilikuwepo kabatini siku ile mama yake alipoaibishwa. Kilichokosekana ni mhudumu aliyefundishwa kutunza siri ya mgonjwa.

Basi mjue mhudumu aliyefunzwa kwa matendo yake. Atakupima virusi unapoanza kliniki ya wajawazito, na atakupima tena mimba inapokomaa hata kama mara ya kwanza hukuwa navyo. Atakupa majibu mkiwa wawili, mlango umefungwa. Ukiwa na virusi, atakuanzishia dawa za kila siku bila kukungojesha, na atapanga upimwe kiasi cha virusi katika damu. Ile tembe moja ya zamani haitumiki tena. Sasa mama humeza mchanganyiko wa dawa kila siku, maisha yake yote. Mtoto naye atapewa dawa ya maji ya kumkinga. Damu yake itapimwa akiwa na wiki 6, kisha miezi 6, kisha miezi 12, na kipimo cha mwisho ni miezi 18 au baada ya kuachishwa ziwa. Mhudumu atakueleza pia kwamba kwa miezi sita ya kwanza mtoto anyonye tu, asipewe uji, maziwa ya ng'ombe wala maji. Dawa alizoagizwa kliniki aendelee kupewa.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipokata misaada mingi ya afya, wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo hapa Kenya walisimamishwa kazi, na huduma za ukimwi zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Maana yake ni kwamba yeyote utakayemkuta katika chumba cha matibabu anapaswa kuzijua kazi hizi. Mafunzo hayawezi kubaki ya wachache.

Kwa hiyo, mama, usiogope kuuliza. Fungua kile kitabu chako cha mama na mtoto, useme kwa heshima: "Sista, nimepimwa lini? Napimwa tena lini? Majibu ya mtoto yako wapi?" Muuguzi anayeijua kazi yake hatakasirika. Akikosa jibu, omba akuitie anayejua. Ukiaibishwa, mwone msimamizi wa kituo, au peleka malalamiko kwa kamati ya zahanati, maana ndani yake wamo watu wa kijiji chako. Lakini usiache dawa, na usimkatizie mtoto kliniki kwa sababu ya ulimi wa mtu mmoja. Kituo kingine kitakupokea.

Nawe nyanya unayelea mjukuu, una haki hiyo hiyo. Mtoto ambaye mama yake alifariki na hujui hali yake, mpeleke apimwe wiki hii.