Safari za Vyombo katika Visiwa vya Ukerewe

Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za vyombo vichukuavyo abiria katika visiwa vya Ukerewe, vilivyo upande wa kusini wa Ziwa la Victoria. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa. Kaskazini yake kipo Ukara, na visiwa vidogo vingi vimetapakaa kando kando. Mtu wa Ukara aendaye ng'ambo kwa soko au kwa matibabu hana budi kuingia chomboni.

Zamani chombo kilikuwa mtumbwi wa makasia. Mwaka wa 1875 msafiri Stanley alilizunguka ziwa katika mashua yake, Lady Alice, ambayo wapagazi waliichukua vipande vipande tangu pwani. Mshika usukani wake alikuwa Safeni, mmoja wa watu waliotoka naye Unguja. Stanley aliporudi alitaka kuwavusha watu wake waende Uganda, akamwomba Lukonge, mfalme wa Ukerewe, ampe mitumbwi, naye akampa. Lakini mingine ilikuwa michakavu. Usiku mmoja baadhi yake ikavunjika, shehena ikazama, ila watu wakaokolewa. Hilo ni somo la kwanza: chombo kibovu si cha kuchukua watu.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, zikaja meli za chuma. Winifred na Sybil zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, zikaungwa Kisumu, zikaanza kupita bandari za ziwa. Miaka mingi baadaye watu wa Ukerewe walipata meli za kwao kati ya Mwanza na Nansio, kama vile Clarias na Butiama. Na penye mlango mwembamba wa maji, kati ya Rugezi na Kisorya, ikawekwa pantoni. Safari iliyowachosha wapiga makasia ikawa nyepesi. Hata hivyo, wepesi wa safari ulileta hatari nyingine: watu walikuwa wengi, na vyombo vichache.

Wakara ni wakulima hodari, ambao tangu zamani hutia mbolea ya ng'ombe katika mashamba yao. Kisiwa chao ni kidogo na watu wamejaa. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko la Bugolora, walirudi kwao katika pantoni ya Nyerere, pamoja na mizigo yao. Ilipokaribia gati ya Bwisya, nchi kavu ikionekana, pantoni ikapinduka. Watu 228 walikufa, 41 waliokoka. Nanyi wanafunzi, jumlisheni: ni watu 269. Chombo chenyewe kilipimwa kuchukua watu 101.

Pengine mtu atauliza, je, chombo kilichokwisha kuelea hata karibu ya gati, mbona kipinduke? Chukueni bakuli, mlieleshe katika beseni la maji, mtie vijiwe katikati. Litatulia. Ongezeni vijiwe mpaka ukingo wake ukaribie maji, kisha visogezeni vichache upande mmoja. Mara bakuli litalala, maji yataingia, nalo litazama. Hivyo ndivyo ilivyo kwa chombo: kikizidishiwa mzigo hukaa chini majini, na mwendo mdogo wa watu kwenda upande mmoja hutosha kukiangusha.

Baada ya msiba huo ilijengwa pantoni kubwa zaidi kwa safari ya Ukara. Twashukuru, lakini pantoni kubwa nayo ina hesabu yake. Mwenye kukata tikiti ana wajibu wa kuhesabu, na nahodha ana wajibu wa kukataa kung'oa nanga hesabu ikizidi. Na sisi abiria je? Mara ngapi tumejisukuma kuingia, tukimlaumu yule atuzuiaye? Jua linapokuchwa na watoto wanangoja nyumbani, ni vigumu kubaki gatini. Lakini wazee wetu walisema, kawia ufike.

Basi, wasikilizaji wetu, mkikuta chombo kimejaa, bakini. Laleni kwa jamaa, mpande asubuhi. Aliyebaki gatini siku ile ya Septemba hakupata hasara ila ya usiku mmoja.