Risasi Haifyatuki Yenyewe: Namna ya Kusoma Taarifa ya Polisi

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa kanda, Septemba 2023. Nimeiacha kama nilivyoisema, nimepunguza tu vichekesho vya ukumbini.)

 

Nimepewa mada inayosema "Vijana na Jeshi la Polisi". Sasa nikisimama hapa kuwaambia kwamba polisi wanapiga, mtanicheka. Humu ndani wapo waliovunjwa mkono, wapo waliolala mahabusu hadi wakawazoea kunguni. Hilo hamhitaji semina. Mimi nataka tuzungumze kinachokuja kabla ya kirungu na baada ya kirungu: maneno. Kwa sababu kirungu kinawafika watu hamsini, mia. Maneno yanawafika mamilioni, wamekaa sebuleni wanakula ugali wao, wanasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Na hao ndio wanaoamua kama kesho tupigwe tena au la. Wakisema "walijitakia", basi tumekwisha.

Tuanze kwa haki. Hofu ya wananchi ni ya kweli. Julai 2015 kituo cha Stakishari pale Ukonga kilivamiwa, askari na raia wakauawa, bunduki zikabebwa. Aprili 2017 kule Kibiti askari wanane waliuawa kwa siku moja. Hao walikuwa watoto wa watu, na mshahara wao mnaujua. Kwa hiyo tusiseme polisi hawana hatari. Wanayo. Tatizo ni pale hofu ya Kibiti inapoazimwa na kwenda kutumika kwa kijana aliyebeba bendera.

Ushawishi huu una hatua nne. Nimezipanga ili mkizikutana mzitambue.

Hatua ya kwanza inakuja kabla ya tukio. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, haisemi tuombe kibali. Inasema tutoe taarifa, angalau saa 48 kabla. Lakini inampa polisi nafasi ya kuzuia akiona amani itavunjika. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno letu maarufu: taarifa za kiintelijensia. Uzuri wa neno hili ni kwamba halijibiki. Ukiuliza taarifa gani, unaambiwa ni siri. Ukiuliza nani anataka kuvunja amani, unaambiwa uchunguzi unaendelea. Januari 2011 pale Arusha maandamano yalipigwa marufuku kwa hoja ya namna hiyo. Tarehe 5 watu wakatoka, risasi zikapigwa, watu watatu wakafa. Halafu tukaambiwa: si tuliwaonya?

Mnaona ilivyofanya kazi? Onyo limegeuka kuwa ruhusa. Aprili 2018, kulipokuwa na wito wa kuandamana nchi nzima, kamanda wa polisi wa Dodoma aliwaambia waandishi kuwa watakaojitokeza watapigwa kama mbwa koko. Mwaka 2013 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ameshasema ndani ya Bunge kwamba wanaokaidi amri za polisi wapigwe tu. Mtu akishazoea kusikia hivyo, siku kipigo kikija hashangai. Anaona ahadi imetimizwa.

Hatua ya pili ni taarifa ya kwanza baada ya tukio. Hapa naomba mkumbuke Kiswahili cha darasa la sita, kauli ya kutendwa. "Askari alimpiga risasi kijana." Nani katenda? Askari. Sasa geuza: "Kijana alipigwa risasi." Askari kaondoka. Geuza tena: "Risasi ilimpata kijana." Sasa risasi imekuwa na akili yake, inatafuta watu. Mwisho kabisa: "Kijana mmoja amepoteza maisha katika vurugu." Hapo hakuna askari, hakuna risasi, na maisha ameyapoteza mwenyewe kama mtu aliyepoteza funguo. Ni sentensi nne za kifo kimoja. Ya nne ndiyo inayosomwa saa mbili usiku.

Na msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Tarehe 25 Mei 2020, George Floyd alipokufa mjini Minneapolis, Marekani, polisi wa kule walitoa taarifa. Ilisema, kwa maana yake, kwamba mtu mmoja amefariki baada ya kupata tatizo la kiafya wakati akishughulikiwa na polisi. Goti halikutajwa. Shingo haikutajwa. Kama si binti wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara na simu yake, ile ndiyo ingekuwa historia. Askari yule alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 22 kwa sababu kulikuwa na taarifa ya pili, iliyoandikwa na kamera.

Sisi tulikuwa na yetu mapema zaidi. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini kwenye ufunguzi wa tawi. Maelezo ya mwanzo ya polisi yalielekeza kidole kwa wananchi, kwamba kuna kitu kilirushwa kutoka upande wao. Kisha picha ikatoka gazetini: askari wamemzunguka, mmoja amemwelekezea silaha. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Jiulizeni, bila ile picha, leo mngekuwa mnaambiwa nani alimuua Mwangosi?

Hatua ya tatu ni kumbadilisha marehemu jina. Na hapa, makamanda, nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda.

Januari 2006, Dar es Salaam. Polisi wakatangaza kwamba wameua majambazi wanne katika majibizano ya risasi. Watu wakafurahi. Ulikuwa wakati wa ujambazi mkubwa, mabenki na makampuni yanaporwa mchana. Nani angewalilia majambazi? Lakini ndugu zao kule Mahenge, Morogoro, hawakunyamaza. Walisema hawa ni wafanyabiashara wa madini, walikwenda Dar kuuza mzigo, na wa nne ni dereva teksi. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka. Ikabainika hapakuwa na majibizano yoyote ya risasi. Watu wale walikamatwa wakiwa hai, hawakuwa majambazi, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa kule. Kesi yake wengi mnaijua kwa jina la kesi ya Zombe. Zombe mwenyewe mahakama ilimwachia huru, tuiheshimu hukumu. Lakini mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja wa polisi kwa mauaji. Ilichukua miaka kumi.

Swali langu ni hili. Kama wangekuwa hawana ndugu wenye kelele? Kama wangekuwa vijana wanne wa Tandale bila mtu wa kuwasemea? Wangezikwa majambazi. Na sisi tungepiga makofi. Mwaka 2022, wakati wa msako wa Panya Road, makundi ya WhatsApp ya vijana wetu, ya chama chetu hiki hiki, yalijaa pongezi: wamalizwe, wasipelekwe mahakamani, watatoka tena. Nawaelewa, watu walikuwa wamekatwa mapanga. Lakini ukishakubali kwamba kuna watu ambao taarifa ya polisi inatosha kuwa hukumu yao, umeshaijenga njia. Kinachobaki ni polisi kuchagua nani apite juu yake. Jana aliitwa jambazi sugu, leo anaitwa mchochezi, kesho gaidi. Ibara ya 13 ya Katiba inasema mtu asihesabiwe kuwa na kosa mpaka athibitike. Haikuandika "isipokuwa Panya Road". Wala haikuandika "isipokuwa wapinzani". Zinasimama pamoja au zinaanguka pamoja.

Hatua ya nne ni kuhamisha kesi. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa amekaa ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji. Risasi ikamkuta kwenye kiti. Nchi nzima ikalia, hata serikali ikatoa rambirambi. Askari wakashikiliwa, na baadaye jalada likafungwa kwa maelezo kwamba haikujulikana ni nani hasa aliyefyatua. Waliofikishwa mahakamani ni viongozi wa upinzani, kwa yale maandamano. Machi 2020 wakapigwa faini ya jumla ya shilingi milioni 350. Wananchi wakachangishana, zikalipwa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile.

Hesabu hapo. Kwa miaka miwili, kila jina la Akwilina lilipotajwa kwenye habari, lilitajwa pamoja na washtakiwa ambao hawakushika bunduki. Mtu wa kawaida akishasikia hivyo mara mia, kichwani mwake kifo na washtakiwa vinashikana. Ushawishi wa namna hii hauhitaji uongo hata mmoja. Unahitaji mpangilio tu.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala mahabusu siku mbili, kituo sikitaji. Tulikuwa saba, tunapandisha bendera ya tawi. Nilipotoka nikakuta habari inasema "kundi la vijana" linashikiliwa kwa "kutaka kuleta vurugu". Saba tumekuwa kundi. Bendera imekuwa vurugu. Na neno "kutaka" hilo ndilo lililonichekesha zaidi, maana aliyeliandika aliona mpaka ndani ya mioyo yetu.

Sasa tufanye nini? Mikutano ya hadhara imerudi tangu Januari mwaka huu, tutakutana nao tena. Nawaachia kazi.

Moja. Kila taarifa ya polisi yenye kifo ndani yake, iulizeni maswali matano. Nani alifyatua? Kwa amri ya nani? Marehemu alikuwa anatishia maisha ya nani wakati ule? Nani alishuhudia ambaye si polisi? Daktari anasema nini? Swali la tatu si la kwangu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya silaha zinasema kuua kwa makusudi kunaruhusiwa pale tu isipoepukika kabisa ili kuokoa maisha. Kukimbia hakumo. Kukaidi hakumo. Kurusha matusi hakumo.

Mbili. Andikeni taarifa yenu siku hiyo hiyo. Saa, mahali, majina ya mashahidi. Nakala ya barua ya saa 48 yenye muhuri wa kupokelewa, itunzeni kama cheti cha ndoa. Aliyeumia apate PF3. Video ihifadhiwe ile ya asili, sio iliyokatwa na kuwekewa muziki. Mtu akifia mikononi mwa polisi, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inataka uchunguzi mbele ya hakimu. Familia iudai, na sisi tuisaidie kuudai.

Tatu. Msiongeze chumvi. Wakijeruhiwa watatu, semeni watatu. Kijana anayeposti picha ya maiti kutoka nchi nyingine na kusema ni Mbeya, anawafanyia polisi kazi ambayo msemaji wao angelipwa kuifanya. Mkikamatwa na uongo mmoja, ukweli tisa umekufa.

Nne. Tudai chombo huru cha kuchunguza polisi. Leo polisi akiua, anayepeleleza ni polisi mwenzake. Tume yetu ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaweza kuchunguza na kupendekeza. Jirani zetu Kenya wana mamlaka yao huru ya kusimamia polisi kwa sheria ya mwaka 2011. Haijamaliza mauaji, tusidanganyane, lakini familia ina mlango wa kubisha usiokuwa wa kituo kilekile. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman imekabidhi ripoti yake mwezi Julai mwaka huu. Isomeni. Kila mbunge, kila diwani, kila waziri atakayekuja jimboni kwenu, muulizeni imefikia wapi.

Na tano, ndiyo ngumu kuliko zote. Wiki ijayo mtasikia mahali fulani "jambazi" ameuawa katika majibizano ya risasi. Hatakuwa mwanachama wetu. Pengine kweli alikuwa jambazi. Ulizeni maswali yale yale matano. Mkiweza kuuliza kwa ajili yake, siku yenu ikifika mtakuwa na haki ya kutaka wengine waulize kwa ajili yenu.

Nimemaliza. Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooshwa huko nyuma. Tuanze na yule dada aliyeshika daftari.