Sengi wa Pugu na gunia la mkaa

Wiki hii nina kisa kifupi kilichonipata Jumamosi moja katika msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe, mwendo usiozidi kilomita 35 kutoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam.

Nilikwenda kupiga picha za miti na maua. Wanyama sikuwafikiria hata kidogo. Kama wakazi wengi wa mjini, niliamini kwamba mnyama wa kutazamwa yuko Mikumi au Serengeti, na kwamba huku kwetu wamebaki tumbili tu. Tena, niseme ukweli, ndani ya gari nilikuwa na gunia tupu. Mkaa wa huko ni nafuu kuliko wa mjini, nami nilikusudia kurudi na gunia limejaa.

Nilifuatana na mzee mmoja, mwenyeji wa huko. Nilikuwa nimepiga magoti nikilenga kamera kwenye ua la porini, mara mzee akanigusa bega. "Mwanangu, usitikisike," akanong'ona. Nikasikia kitu kinapigapiga majani makavu, ta-ta-ta. Moyo ukanienda mbio, maana nilidhani ni nyoka.

Hakuwa nyoka. Hatua nne mbele yangu alisimama mnyama ambaye sijapata kumwona maisha yangu yote. Ni mdogo kuliko panya buku. Mbele ana rangi ya kutu, mgongoni na nyuma ni mweusi. Miguu ya nyuma ni mirefu, na pua ndefu yenye kuchezacheza kama mkonga mdogo. Ule mlio ulikuwa wa mkia wake. Akishtuka huupiga chini. Tukatazamana. Nilipobonyeza kamera, alikwisha ruka. Picha ninayo: majani matupu na ncha ya mkia.

Mnyama huyo ni sengi, na wengine humwita sange. Kwa sura utadhani ni jamaa ya panya. Wataalamu wa viumbe, baada ya kuchunguza chembe za urithi, wanasema ndugu zake ni tembo, pimbi, muhanga na nguva. Sengi wa aina hii huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao. Hulala katika kiota cha majani wanachokijenga chini ardhini, na mchana hupekua majani yaliyoanguka wakitafuta wadudu. Wala tusidhani kwamba misitu yetu tumekwisha kuimaliza kuijua. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa katika milima ya Udzungwa ilinasa sengi mkubwa ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa ni aina mpya.

Sasa sikiliza. Hatukwenda mbali kutoka pale tukakuta tanuri la mkaa lililokwisha fukuliwa. Ardhi nyeusi, visiki vimezunguka, na jua limeingia hadi chini. Hapakuwa na jani hata moja la kupekua. Mzee hakusema neno. Mimi ndiye niliyekumbuka gunia langu.

Ndugu msikilizaji, tumezoea kumlaumu mchoma mkaa. Tunamwita mharibifu, tunataka akamatwe, kisha jioni tunamtuma mtoto dukani kwa kopo la mkaa. Yule mtu hachomi kwa kupenda moshi. Anachoma kwa sababu mimi nanunua. Na si sengi peke yake anayedhurika. Mto Msimbazi chanzo chake ni vilima hivyo hivyo vya Pugu. Mlima ukiwa kipara, mvua haina wa kuizuia, na sisi wa mabondeni tunayajua maji ya Msimbazi yakija kwa hasira. Tuliyaona Desemba 2011.

Najua utaniuliza: maskini apikie nini? Swali hilo ni la haki. Mwenye shilingi chache mfukoni anaweza kununua kopo la mkaa, lakini kwa kawaida hawezi kununua robo ya mtungi wa gesi. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo ni zuri, lakini halitafikiwa kwa hotuba. Litafikiwa siku gesi itakapopatikana kwa kiasi kile kile ambacho mama lishe ananunulia mkaa. Na sisi wenye uwezo wa kununua mtungi, tusijifiche nyuma ya maskini. Mimi nilikuwa na gari na kamera. Gunia lile lilikuwa la nini?

Nilirudi mjini na gunia tupu, nikajiona mtu mwema. Jumatatu nikakuta jikoni kwangu mkaa umenunuliwa kwa jirani, kama kawaida. Nikauliza umetoka wapi. Hakuna aliyejua.

Basi, ndugu msikilizaji, leo jioni ukisikia harufu ya wali jikoni, nenda utazame jiko lako, uulize swali hilo hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msitu haujengwi kwa saruji.