Theluji Iliyokanwa na Wataalamu



Leo nataka kuwaeleza jinsi watu wenye elimu kubwa walivyokataa jambo la kweli kwa sababu aliyeleta habari hakuwa mmoja wao. Habari yenyewe ilianzia njia yetu hii ya Taita.

Mwezi wa Aprili 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Rabai, alifunga safari kwenda Uchagga. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, aliyeijua njia. Walipita Bura, wakaingia nyika ya kuelekea Taveta. Tarehe 11 Mei, karibu saa nne asubuhi, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomwuliza Bwana Kheri, aliambiwa kuwa ni baridi. Ndipo akatambua kuwa ni theluji, yaani maji yaliyoganda kwa baridi.

Wachagga walikuwa na habari zake zamani. Walikiita kitu kile Kibo, nao walijua kuwa kikishushwa chini huwa maji matupu.

Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1849, zikapingwa vikali. Mpinzani mkuu alikuwa William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ambaye hakupata kuikanyaga Afrika ya Mashariki. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 alishikilia kuwa theluji ile haikuwapo. Wengine waliona ni ajabu theluji kukaa karibu na Ikweta. Lakini theluji ya mlima Chimborazo wa Amerika ya Kusini, ulio karibu na Ikweta vilevile, ilikuwa imekwisha kujulikana na wataalamu wa Ulaya.

Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na mpimaji Richard Thornton, na mwaka 1862 akarudi na Otto Kersten. Waliupima mlima, wakathibitisha theluji. Hata hivyo Cooley hakukubali.

Je, kosa lilikuwa kutaka ushahidi? La. Rebmann hakuwa mpimaji wa nchi, na kila habari mpya yapasa kuchunguzwa. Kosa lilikuwa kumhukumu shahidi pasipo kwenda kutazama, na kutowahesabu kabisa wenyeji wanaoishi chini ya mlima.

Jambo hili latuhusu hata leo. Mkulima wa Wundanyi au mfugaji wa Voi akisema ameona ugonjwa mgeni, mtaalamu asimcheke. Na aende shambani akaone. Naye mkulima asitosheke na maneno matupu: aandike tarehe na mahali, alete jani lenyewe lililougua. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini ukweli hupatikana kwa kwenda kuutazama.