MLANGO WA NGAZI USIFUNGWE KUFULI
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Habari za mishahara tulizisema mkutano uliopita. Leo tuna habari ya mlango.

Wajumbe wetu walizuru jumba moja la ghorofa tisa mjini Nairobi, ambamo wenzetu hushona na kufagia. Ngazi ya nyuma, ndiyo ya kukimbilia moto ukizuka, tuliikuta imetiwa kufuli. Tulimwuliza msimamizi sababu, akajibu: "Wizi." Ufunguo anao askari wa zamu, naye hukaa chini langoni!

Jibu hilo ni la zamani. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, moto ulishika kiwanda cha nguo cha Triangle, kilichokuwa katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Watu wa ghorofa ya 8 waliwapigia simu wa ya 10. Wa ya 9 hawakuambiwa na mtu. Huko mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa, kusudi wafanya kazi watokee upande mmoja tu na mikoba yao ipekuliwe. Ngazi ya chuma ya nje ilikatika kwa uzito wa watu. Zile za wazima moto zilikoma ghorofa ya 6. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Wenye kiwanda walishtakiwa, na mwaka ule ule wakaachiliwa.

Sisi Kenya sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza kufunga mlango wa kutokea kwa namna isiyofunguka upesi kutoka ndani, maadamu watu wamo. Kanuni za moto za mwaka huo zataka mazoezi ya kutoka angalau mara moja kila miezi 12. Na penye wafanya kazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama.

Tena hoja ya wizi haina nguvu. Liko komeo la kusukuma kwa mkono: wa nje haingii, wa ndani hutoka.

Basi kila mjumbe aulize kazini kwake zoezi la mwisho lilifanywa lini, na kama watu wa zamu ya usiku walikuwamo, maana hao husahauliwa sana. Apande ngazi ya nyuma kwa miguu yake, ajaribu kila mlango. Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Lile jumba la ghorofa tisa tumekwisha kuliandikia barua.